Barua Tatu Mezani: Gharama za Kusomea Ubongo, Homoni na Kinga

Mpwa wangu alikuja Jumamosi na bahasha ya kaki kwapani, akamwaga vilivyomo mezani hata kabla chai haijamiminwa. Barua tatu. Ya kwanza ya chuo kimoja cha London: amekubaliwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Ya pili ilikuwa barua pepe aliyoichapisha, kutoka kwa profesa wa Ujerumani aliye tayari kuzungumza naye habari za uzamivu, ila amalize kwanza uzamili. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote: maabara moja ya hapahapa Afrika Mashariki inamkaribisha afanyie utafiti wake kwao, huku akijiandikisha uzamili katika chuo cha nchini.

"Mjomba, nisaidie kupiga hesabu," akasema. "Baba anasema tuuze shamba la Turiani niende London."

Nimeandika habari za elimu na afya kwa miaka mingi, na hilo la kuuza shamba nimelisikia katika nyumba nyingi mno. Nikamwambia shamba lisiguswe mpaka tujue tunanunua nini.

Anachotaka kusomea kina jina linalochosha ulimi: saikonyuroimunolojia. Kwa lugha ya nyumbani, ni elimu ya namna ubongo, homoni na kinga ya mwili vinavyopashana habari. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, Robert Ader na Nicholas Cohen waliwanywesha panya maji yaliyotiwa utamu wa sakarini, kisha wakawadunga cyclophosphamide, dawa inayodhoofisha kinga. Baadaye panya hao walipoonjeshwa tena utamu ule bila dawa, kinga yao ilishuka vilevile. Ulimi ulikuwa umeufundisha mwili. Wakati huo vitabu vilielezea kinga kana kwamba ni mlinzi anayejitegemea, asiyepokea amri kutoka kichwani. Miaka hiyohiyo Hugo Besedovsky na wenzake, wakiwa Uswisi, walionyesha kwamba kinga inapopamba moto kupambana na kitu kigeni, homoni za tezi zilizo juu ya figo nazo hupanda. Maana yake ubongo umeshapashwa habari. Miaka ya 1980 David Felten akaonyesha nyuzi za neva zinazoingia ndani ya bandama na kuzigusa chembe za kinga zenyewe.

Lakini kilichomnasa binti huyu ni jaribio la wanafunzi wa udaktari wa meno wa Chuo Kikuu cha Ohio State, lililochapishwa mwaka 1998. Kila mwanafunzi alitobolewa kijidonda kwenye kaakaa mara mbili, mara moja akiwa likizo na mara ya pili siku tatu kabla ya mtihani. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichelewa kupona kwa asilimia 40. Miaka mitatu kabla ya hapo, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa chuo hichohicho walikuwa wameonyesha kwamba wanawake wanaouguza ndugu aliyepotewa na kumbukumbu huchelewa kupona jeraha dogo kwa siku tisa hivi kuliko wenzao wasio na mzigo huo. Mpwa wangu alisoma habari hizo akiwa katikati ya UE, mitihani ya chuo, ana kidonda mdomoni, na nyumbani bibi yake anauguzwa na mama yake. Hakuhitaji kushawishiwa.

Na kuna Mahenge, Tanzania. Kwa upande wa mama yake ndiko kwao, na huko kuna watoto ambao watu husema juu yao "amesinzia kichwa": kichwa kinaanguka mbele, kinainuka, kinaanguka tena, na kadiri miaka inavyokwenda kifafa na kudumaa hufuata. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyefungua kliniki ya kifafa huko, aliwaandika watoto hao tangu miaka ya 1960. Baadaye ugonjwa huohuo ukaonekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, mara nyingi mahali penye minyoo ya usubi. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya wagonjwa wana kingamwili zinazoishambulia protini iitwayo leiomodini-1, inayofanana na protini ya minyoo hiyo. Yaani kinga inayolenga mnyoo huenda inaijeruhi neva. Ubishi haujaisha, na wengine wanaona njia nyingine katika ubongo wa waliofariki. Swali lake liko hapo, na swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo lilipaswa kukaa mezani kabla ya barua yoyote.

Mnunuzi wa elimu hii anapaswa kujua jambo moja mapema: ni nadra kukuta shahada yenye jina hili mlangoni. Mafunzo yamejificha chini ya majina mengine, sayansi ya neva, imunolojia, fiziolojia, saikolojia, magonjwa ya akili. Vituo vinavyosifika, kama Kituo cha Cousins katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, au taasisi ya tiba ya tabia ya Ohio State, ni maabara zilizomo ndani ya vyuo. Kwa hiyo anayelinganisha kozi kwa majina na ada analinganisha magunia kwa maandishi ya nje. Cha kutazama ni nani atakusimamia, friza yake ina nini, na nani anailipia.

Tukaanza na London, maana ndiyo iliyokuwa inauza shamba. Uzamili wa sayansi za maabara kwa mwanafunzi wa kigeni katika vyuo vikubwa vya mji ule hupita pauni 30,000, ada tupu. Juu yake kuna mchango wa huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, nao hulipwa wote kwa mkupuo pamoja na ombi la viza. Kozi ni ya mwaka mmoja lakini viza huongezewa miezi kadhaa, hivyo utatozwa mwaka na nusu: pauni 1,164. Bado chumba, bado nauli, bado koti. Tena tangu Januari 2024 anayesoma uzamili wa darasani kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Ruhusa hiyo imebaki kwa wanaosoma kwa utafiti. Nimeona familia zikiligundua hilo tiketi zikiwa zimeshakatwa.

Na kwa fedha zote hizo unapata nini? Mihula miwili ya madarasa mazuri, kisha mradi wa miezi mitatu au minne katika maabara ya mtu aliyekupokea kwa sababu ni zamu yake. Miezi mitatu, katika fani hii, ni muda wa kujifunza kushika bomba la kupimia bila kumwaga sampuli. Sisemi kozi hizo ni mbovu. Ukiwa na ufadhili wa Chevening au wa Jumuiya ya Madola, nenda bila kuangalia nyuma: ada, nauli na posho vinalipwa. Chevening inataka uwe umefanya kazi saa 2,800 na urudi nyumbani kwa miaka miwili. Ule wa Jumuiya ya Madola uko wazi kwa Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda, ila si kwa Mrundi wala Mkongo, kwa kuwa nchi zao hazimo katika Jumuiya hiyo. Bila ufadhili, shamba la Turiani likae.

Ujerumani ni hesabu nyingine kabisa. Vyuo vingi vya umma havitozi ada. Unalipa mchango wa muhula, mara nyingi euro mia chache, na katika miji mingi ndani yake mna nauli ya mabasi na treni. Hata hivyo, jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa uzamili wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza mwaka 2024 kutoza euro 4,000 au 6,000 kwa muhula. Maombi yanayopitia uni-assist, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo, ni euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata. Kizingiti halisi ni akaunti iliyofungwa: lazima uonyeshe euro 11,904 za kuishi mwaka mmoja, uwe unazichota kidogokidogo kila mwezi. Fedha hizo ni zako, hazipotei, lakini ziko wapi? Hapo ndipo wengi hukwama, na ndipo ufadhili wa shirika la Ujerumani la DAAD, unaokaribia euro elfu moja kwa mwezi kwa uzamili na zaidi kwa uzamivu, unakuwa na thamani kuliko jina la chuo.

Uzamivu kule mara nyingi ni ajira. Katika sayansi za uhai mtindo uliozoeleka ni mkataba wa asilimia 65 ya mshahara wa daraja liitwalo E13, pamoja na bima ya afya na pensheni. Na wanaofanya kazi hii wapo. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Essen, Manfred Schedlowski na wenzake waliichukua hoja ya panya wa Rochester wakaileta kwa binadamu: kinywaji cha kijani chenye ladha ngeni, maziwa ya stroberi yaliyotiwa mafuta ya lavenda, kinanywewa pamoja na dawa ya kushusha kinga, kisha kinanywewa bila dawa ya ziada. Mwaka 2018 walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopandikizwa figo. Ladha peke yake haikuchukua nafasi ya dawa, wala hawakudai hivyo. Iliiongezea dawa nguvu. Kwa mtu ambaye ndugu yake anameza vidonge hivyo kila siku, akijua madhara na bei yake, huo si mchezo wa maabara.

Uholanzi na Sweden zinafanana na Ujerumani kwa hilo: mwanafunzi wa uzamivu ni mfanyakazi mwenye mshahara. Uholanzi mwaka 2024 mshahara wa mwaka wa kwanza ulikaribia euro 2,900 kwa mwezi kabla ya kodi, kwa mkataba wa miaka minne. Taasisi ya Karolinska, mjini Stockholm, ndiko Krister Kristensson alikotumia miaka mingi kuchunguza vimelea vya malale vinavyoingia ubongoni na kuvuruga saa ya usingizi, swali la Afrika lililojibiwa kwa fedha za Sweden. Sharti ni lilelile: uje na uzamili mkononi.

Marekani haidai uzamili. Mtu mwenye shahada ya kwanza nzuri anaingia moja kwa moja katika uzamivu wa miaka mitano au sita, ada inalipwa, posho anapewa, mara nyingi zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Ukiitazama juujuu, ndiyo bei nafuu kuliko zote duniani. Lakini soma vizuri. Tangazo likisema mafunzo ya utafiti wa neva, homoni na kinga yanalipiwa na ruzuku iitwayo T32 ya Taasisi za Taifa za Afya, nafasi hizo ni za raia na wakazi wa kudumu tu. Kijana wa Kigoma anaweza kuandika maombi ya kurasa kumi kwa mlango ambao haukuwa wake tangu mwanzo. Aulize: "Mwanafunzi wa kigeni analipiwa na mfuko gani?" Chuo chenye mfuko wake, au profesa mwenye ruzuku ya kawaida ya utafiti, anaweza kumlipa, kundi la T32 haliwezi. Kisha kuna dola 185 za viza na 350 za kusajiliwa kama mwanafunzi wa kigeni, na ada ya maombi ya kila chuo, ambayo vyuo vingi huisamehe ukiomba mapema. Mwaka 2025 baadhi ya vyuo vilipunguza au kusitisha udahili wa uzamivu baada ya fedha za serikali kuyumba. Juni mwaka huo viza za wanafunzi wa Burundi ziliwekewa vizuizi, na Desemba Tanzania ikaongezwa katika orodha. Kwa hiyo Marekani tuliiweka kando kwa sasa, ingawa ndiko fani hii ilikolelewa.

KAUST, chuo kikuu cha Saudi Arabia, sikuwa nimeifikiria mpaka yeye mwenyewe aliponikumbusha. Inalipa ada, nyumba na posho kwa uzamili na uzamivu. Inafaa kuombwa.

Sasa ile barua fupi. Watu huidharau kwa sababu haina muhuri wa mbali, na mimi nasema ndiyo iliyostahili kusomwa mara mbili. Entebbe kuna mpango wa Makerere na Taasisi ya Uganda ya Utafiti wa Virusi uliokuza watafiti wa maambukizi na kinga, na huko wamefuatilia kwa miaka namna minyoo inavyotuliza au kuchokoza kinga ya mama na mtoto. Kilifi, KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na mfuko wa Wellcome wako tangu 1989, na kifafa na malaria ya ubongo ni sehemu ya sifa yao. Taasisi ya Afya ya Ifakara ina tawi Bagamoyo linalofanya majaribio ya chanjo, na chanjo haifanyiwi majaribio bila kupima kinga. Juja, ndani ya Chuo cha Jomo Kenyatta, taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika Nzima inatoa uzamili na uzamivu wa baiolojia ya molekuli kwa ufadhili kamili wa Umoja wa Afrika. Kwa anayetaka kuonja kwanza, shirika la TReND lilianza mwaka 2011 huko Ishaka, Uganda, kufundisha sayansi ya neva kwa kutumia inzi wa matunda, kiumbe kisichohitaji maabara ya mamilioni. Na anayetazama Cape Town au Stellenbosch akumbuke kwamba itifaki ya elimu ya SADC ya mwaka 1997 inataka mwanafunzi wa nchi mwanachama atozwe kama mwenyeji; Mtanzania na Mkongo waidai wanapoandikia ofisi ya udahili. Mkenya na Mganda hawamo.

Tukafika penye bei ambayo haiandikwi kwenye barua yoyote. Nilichukua karatasi.

Tuseme unataka kupima msongo kwa homoni ya kortisoli katika mate. Hupanda na kufika kileleni dakika 30 hadi 45 baada ya mtu kuamka, kisha hushuka mpaka usiku, hivyo pimo moja halisemi chochote. Chukua mate mara nne kwa siku, kwa siku mbili. Watu sitini. Hizo ni sampuli 480. Sahani ya kupimia ina vishimo 96. Kumi na sita vinaliwa na vipimo vya kulinganishia, vinabaki 80, na kila sampuli lazima ipimwe mara mbili. Sahani moja inabeba watu watano tu. Unahitaji sahani 12, na kila seti ya vitendanishi inauzwa dola mia kadhaa. Hiyo ni homoni moja. Ukitaka na ujumbe wa kinga ndani ya damu, interleukini-6 kwa mfano, anza hesabu upya, na ongeza mtu wa kutoa damu.

Halafu friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ambayo umeme ukikatika inahitaji jenereta, na jenereta inahitaji dizeli, na dizeli inahitaji mtu wa kuamka saa nane usiku. Namjua mwanafunzi, simtaji wala simtaji aliyemsimamia, ambaye vitendanishi vyake vilikaa uwanja wa ndege vikisubiri karatasi mpaka barafu ikaisha. Alilipia seti ya pili kwa mshahara wa mumewe. Chuo chake kilikuwa na ada ndogo kuliko vyote alivyoomba.

Hapo ndipo nilipomwona mpwa wangu ananyamaza. Alikuwa amepanga kutumia nywele, kwa sababu sentimita moja ya unywele huhifadhi kortisoli ya mwezi mmoja hivi na haihitaji friza. Wazo zuri, maabara nyingi za Ulaya zinalitumia. Lakini watoto wa shule kwetu hunyolewa, na dada zao wamesukwa kwa nywele za dukani. Nani atampa sentimita tatu za nywele zake mwenyewe, zilizokatwa karibu na ngozi? Kipimo kilicho rahisi kule si lazima kiwe rahisi hapa, na anayejifunzia kule tu hurudi na ujuzi usioshika.

Basi tukapanga hivi. Uzamili wa utafiti hapa, miaka miwili, katika maabara inayomlipia vitendanishi, chini ya msimamizi anayechapisha na wanafunzi wake na kuweka majina yao mbele. Wakati huohuo aendelee kuandikiana na yule profesa wa Ujerumani, aombe DAAD, na akiingia uzamivu aingie na data zake mwenyewe. London aiandikie barua ya shukrani. Baba yake hakufurahi. Kwake London ni London. Tulizungumza kwa simu muda mrefu, nikamsomea zile pauni 1,164 za afya kabla hata ya ada, akakaa kimya, kisha akauliza kama mahindi ya Turiani mwaka huu yamepata mvua.

Jumatatu binti alimwandikia msimamizi wa ile maabara maswali manne, hakuficha kitu. Sahani ngapi zimeshalipiwa? Friza ina jenereta? Wanafunzi wako watatu wa mwisho walimaliza kwa miaka mingapi, na sasa wako wapi? Je, nikipata nafasi ya miezi mitatu nje, nafasi yangu hapa itanisubiri?

Jibu lilikuja Jumatano, refu na la staha, kila swali na jibu lake. Sahani kumi zimelipiwa. Mbili atafute mwenyewe.

Tunazitafuta.